Spana Namba Kumi na Tisa

Walinikata mshahara mwezi wa tatu tangu niajiriwe.
Spana moja, namba kumi na tisa, haionekani.
Don Eleuterio wa stoo alilamba ncha ya kalamu,
akaandika kwa wino mwekundu: Yasna Colque, deni.
Hakugomba. Alinitazama tu mikono
kama anayehesabu vidole.

Huku juu, nyuma ya Calama, mvua ni hadithi ya bibi.
Upepo unakula rangi ya milango, unakula midomo,
na shimo la shaba limekwenda chini hata lori linaloshuka,
lile ambalo tairi lake ni watu wawili wa kimo changu,
mmoja kasimama juu ya mwenzake,
ukilitazama toka ukingoni ni mende tu anayetafuta kabati.

Siku saba kazini, siku saba nyumbani.
Ndivyo Maite alivyojifunza kuhesabu:
mama yupo, mama hayupo.

Miaka kumi na minne.
Nimejua kutia fimbo ya chuma kwenye injini,
ncha ya pili sikioni,
nikamsikia beringi anapoanza kusema uongo.
Nimejua mafuta ya haidroliki hayavuji, yanachoma:
tundu la sindano kwenye mpira, nayo yanapita glovu, yanapita ngozi.
Wladimir alidhani ni mwiba.
Walimkata kidole cha shahada.
Nimejua kulia ndani ya katapila lililozimwa,
maana humo hakuna anayeuliza.

Jumanne wameleta lori arobaini na moja ligawanywe vyuma.
Saa laki moja limefanya kazi, injini nne limezika.
Nikajipenyeza nyuma ya ekseli, tochi mdomoni,
na huko, juu ya boriti ya fremu,
ndani ya grisi iliyogeuka halua ya sikukuu iliyosahauliwa,
spana. Utepe wangu wa kijani mkiani.

Kumbe ilikuwa safarini.
Shimoni na juu, shimoni na juu, miaka yote hiyo,
haikukaza nati hata moja.
Nilicheka hadi tochi ikadondoka,
nikapapasa gizani kuitafuta, nikiwaza:
hata hii nayo wataandika.

Stoo sasa ni dirisha na kijana na kompyuta.
Akabonyeza, akabonyeza.
"Mfumo hauitambui, mama."
Don Eleuterio angeitambua,
lakini yeye na daftari lake wako Antofagasta, mapafu yamegoma.

Nikaiweka kwenye begi la kwenda nyumbani.

Maite, miaka kumi na sita, hakuuliza imetoka wapi.
Aliipima mkononi, akaingia nayo chumbani,
nikasikia chuma kikizunguka mara tatu, nne.
Ni mguu wa kitanda, kitanda nilichomchomelea mwenyewe.
Unalia tangu Agosti, alisema.

Tangu Agosti.
Ukuta mmoja kutoka kichwani pangu.