Kijani Chini ya Stata

Siku ya tano ya kukwangua
bolti ya mwisho ya stata ikakubali spana,
na pale chuma kilipokuwa kimeegemea chuma,
pasipofika mafuta wala mkono wa mjomba Heber,
nikaona kiraka kisichozidi ukucha wa gumba:
kijani.

Si cha majani mabichi. Si cha chupa.
Kijani cha mate iliyokwisha kumiminiwa maji mara kumi,
ukiwa bado hutaki kuitupa.

Miaka thelathini tulibishana mezani.
Mama akiapa injini ile ilishuka melini nyeusi,
mjomba akisema kijivu, na anayebisha atoke nje.
Kumbe waligombea rangi ya uchafu.

Naungama: mara ya kwanza nilipaka rangi ya madirisha.
Ilibaki dakika kumi na moja.
Kisha ikafura, ikachunika
kama mgongo wa mtalii,
na moshi wake ukaingia kwenye mashuka ya jirani.

Basi nikaenda kwa Etchegoyen, mtaa unaoshukia mtoni,
Fray Bentos, saa ile ambayo hata mbwa wamefunga biashara.
"Rangi ya kustahimili moto?" Akacheka kwa pua.
"Zulma, nchi hii ina majiko ya nyama kuliko milango."
Akapanga makopo kwenye kaunta:
nyeusi. Fedha. Nyeusi isiyong'aa. Nyeusi.
"Nyuzi mia sita. Hii hata jehanamu wanaagiza kwangu."
Nikafungua kisanduku cha kiberiti,
ndani yake gamba nililobandua kwa wembe.
Akavaa miwani. Akavua.
"Moto," akasema, "haujui kijani."

Nikanunua jeusi moja, la eksozi,
maana eksozi ni jamaa mwingine, hukesha na makaa.
Lakini tumbo la injini huchemka tu kama birika, haliwaki.
Hilo alinifundisha Ademar Bentancur,
aliyepaka matrekta ya mashamba ya mpunga miaka arobaini
na bado ana mipaka ya rangi kwenye kucha,
nchi ndogondogo zisizo na majina.
"Trekta," alisema, "hulima Januari,
jua mgongoni, moto tumboni,
na rangi yake hailii."

Alichanganya kwa kijiko cha supu.
Kijani cha trekta, kijivu kiasi, tone la manjano,
tone jingine, akajilaani, akaanza upya.
Jioni nne dirishani, gamba kwenye kiganja changu,
sisi wawili tumeinama kama wanaosoma barua ya mtu mwingine.

Kisha kazi isiyo na hadithi:
brashi ya waya, msasa, tina, kitambaa, tina tena,
kwa sababu alama ya kidole nayo ni grisi.
Tabaka tatu, nyembamba, kila moja ikingoja mwenzake.
Na rangi hii haikauki kwa kungoja tu,
hukomaa kwa kupikwa.
Kifuniko cha vali nikakitia katika oveni ya mama,
nyuzi mia na ishirini, saa nzima.
Tangu siku hiyo keki zangu zina harufu ya gereji.
Wajukuu hawajasema neno.

Tulipoiwasha, ilikohoa, ikatoa moshi mweupe kila upande.
Nikakimbilia ufunguo.
Ademar akanizuia kwa kiwiko: "Iache. Inakomaa."
Moshi ukapungua. Kijani kikazama nusu kivuli,
kikatulia.

Kile kiraka cha chini ya stata sikukipaka.
Nilirudisha stata juu yake, nikakaza bolti,
na boneti nayo ina kazi yake ya kufunika.

Gamba liko bado kwenye kisanduku cha kiberiti.
Kila siku nalileta karibu na injini, nalinganisha.
Asubuhi hazifanani hata kidogo.
Saa kumi na moja jioni,
zinafanana.