Pafu Ndani ya Ndoo

Probert alipiga simu saa kumi na moja alfajiri,
hakusalimu. "Njoo uone alichofanya mwewe."
Daktari alikuwa kwa ng'ombe wa watu, bonde la pili;
nikaenda mimi, msaidizi, na kisu, na ndoo,
na koti la mvua lenye jina la mtu mwingine kifuani.

Mwezi Machi, milima ya juu ya Tregaron,
mvua hainyeshi, inakaa tu hewani
ikikusubiri upite.
Kondoo jike alisimama kando ya ukuta wa mawe
akiita kitu kisichomwitikia.
Na pale majanini, mwanawe: miguu imekunjwa,
macho hayapo, ulimi haupo,
kitovu kimefunguliwa kama bahasha.

"Nimemkuta juu yake, damu mdomoni.
Unataka shahidi gani tena?"
Mwewe mwenyewe alikuwa kwenye mwaloni,
mkia mwekundu, umepasuka panda,
anajikausha mabawa
kama mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama.

Mimi mwewe namjua. Nimekulia Muheza,
nimempigia debe hadi sauti ikakauka,
nimemwona nyanya akichovya vifaranga
katika zambarau iliyobaki ya kutilia ukili
ili kule juu visitambulike kuwa chakula.
Kwa hiyo sikupanda mlima kumtetea mtu.

Nikapasua. Mbavu laini, njiti za kiberiti zilizolowa.
Nikatoa pafu, dogo, la rangi ya ini.
Nikaomba maji; Probert akachota horini.
"Pafu lililowahi kuvuta pumzi huelea," nikamwambia,
"hata kama ni mara moja. Hata kilio kimoja."
Nikaliachia.

Likazama.

Likatulia chini pamoja na changarawe,
nasi tukaliinamia, wawili,
kama watu walioangusha ufunguo kisimani.
Hakuna aliyeuawa hapa. Alizaliwa amekwisha,
usiku, na asubuhi mwewe akakuta zalio,
akakuta mzoga, akaanza kazi
ambayo mimi hulipwa kwa saa.

Probert hakusema samahani. Amwambie nani, mwaloni?
Alimfuta kondoo pua kwa mkono wa sweta.
Tulipokuwa tukinawa stoo, akasimulia, bila kuulizwa,
kwamba baba yake aliwahi kutega nyama yenye sumu:
wakafa mwewe wawili, na mbwa, Fflos,
ambaye mzee alimlilia kuliko alivyomlilia mama.

Kopo lilikuwa mezani. Juu, kwenye rafu,
duara safi katikati ya vumbi la miaka.
"Nipe niondoke nalo," nikasema.
Akalipandisha, akaliweka palepale kwenye duara lake.
"Wiki ijayo."
Nikaandika siku kwenye kiganja.

Jioni nikampigia nyanya. Nikamsimulia ndoo,
nikamsimulia mkia. Kwanza alinyamaza.
"Na huko nako kuna mwewe?"
Wapo, bibi. Wengi.
"Sasa watoto wa kondoo mnawapaka rangi gani?"

Nikakumbuka namba mbavuni mwa kila aliye hai,
ile ile iliyo mbavuni mwa mama yake.
Buluu, nikasema.
Lakini kwa sababu nyingine.