Baridi Ndani ya Tanuri

Saa kumi za usiku, Kutaisi.
Tamazi anachochea kuni, mimi nasubiri vidole.
Nimeamka; vyenyewe bado vimelala.
Navitumbukiza kwenye beseni la maji moto
kimoja kimoja, kama wageni wenye haya.
Cha kati kimevimba toka shina hadi ncha,
soseji. Pete yake ilikatwa na sonara Februari.
Kucha zina vishimo kama subana.

Miaka minane niliuita unga
weupe ule uliodondoka viwikoni
juu ya aproni nyeusi. Unga, nikasema,
hata siku mama mmoja aliporudisha mkate,
akafuta kiganja kwa leso,
asinitazame.

Daktari Lamara alibonyeza kisigino, nikaruka.
"Ngozi na viungo," akasema, "ni ugomvi mmoja.
Kinga yako imekugeukia."
Akaandika: baridi yabisi ya soriasis.
Baridi! Mimi, niinamaye tanurini
nywele zikinuka moshi tangu usichana!
Yabisi nililielewa: mkate wa juzi.
Na kinga nalo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Ila mimi ni kuni, au ndiye niliyekuja kuota,
sijui bado.

Ijumaa vidonge.
Jumamosi kichefuchefu, na supu ya Tamazi isiyo na chumvi.
Kila miezi mitatu damu, tusikie ini linasemaje.
Pasaka, shemeji Gocha aliinua pembe ya divai
kwa heshima ya wafu; mimi nikainua maji.
"Wafu hawanywewi maji!" akafoka.
Basi haya ni ya ini langu, nikasema,
lingali hai.

Siku hizi Tamazi ndiye huinama tanurini.
Mimi nakanda kwa viganja,
viganja havijalalamika.
Mpini wa kisu nimeuviringishia kitambaa, umenenepa, unashikika.
Jioni natembea hadi daraja la Rioni
kisigino kikinung'unika njia nzima,
maana kukaa ndiko kunakonigandisha.
Na zipo siku sitembei, sikandi,
navuta blanketi saa nane mchana
na duka lijifunge lenyewe.

Leo nimekunja mikono ya blauzi.
Yule wa leso amekuja.
"Unga huo?"
Hapana, ni ngozi. Haiambukizi.
Akasimama kidogo, foleni ikamsubiri nyuma.
Kisha akaomba ule ulioungua ncha.