Buba, Nilisema

Kazi yangu Bombo haikuwa kuponya.
Nilishika taa, nilichemsha sindano,
na katikati ya Mjerumani na mgonjwa
nilisimama mimi, Mwinjuma bin Shehoza,
kinywa cha kukodi, rupia kumi kwa mwezi.

Daktari aliuliza macho yako kwenye wino:
Ulilala na nani? Lini? Wangapi?
Nikacheka kimoyomoyo, maana
ndilo swali la mganga wa Ngamiani
kabla hajachanja chale, kabla hajatia mrututu:
"Sema mke wa nani, tulitegue tego."
Visima viwili, kata moja.

Kabla ya ile namba kulikuwa na zebaki.
Tuliwapaka manamba mapajani, siku arobaini,
mpaka ufizi ukalegea, mate yakawatiririka
kama watoto wanaoota meno,
na meno yenyewe yakaangukia viganjani.
Waliotoroka usiku kwa njia ya reli
sikuwalaumu.

Kisha meli ikaleta unga wa manjano
ndani ya vichupa kama vya marashi.
Mia sita na sita. Jina lake ndilo hilo.
Watu wakauliza: hizo mia sita na tano za mwanzo
alipewa nani?
Sikulitafsiri swali.

Na kondoo akaletwa, akafungwa nyuma ya jiko,
anatolewa damu shingoni kila Jumanne, hachinjwi.
Damu yake ikikutana na ya mtu kwenye kioo
iliyeyuka, au ilikataa kuyeyuka,
na hapo mtu akajulikana.
Mjini walisema: kafara gani hii, nyama hailiwi?

Lakini damu ile haikujua kutenga.
Mtoto aliyeota buba gotini kwa kucheza mchangani
na baharia aliyerudi na donda lisilouma,
kwenye kioo walikuwa ndugu.
Daktari aliwapa wote wawili neno moja,
akakausha wino.

Akaja Mwanakombo, kanga imefika machoni.
Mumewe, fundi cherehani, yuko nje
sikio dirishani.
Daktari akalitamka neno. Akaningoja.

Kaswende. Kwa lugha yetu
neno hilo lina talaka ndani yake.
Nikalimeza.
Buba, mama, nilisema. Ya utotoni, imeamka.
Na mwenye nyumba naye achomwe,
maana buba hupenda mkeka.

Mume aliingia mkono ameshaukunja.

Tangu siku ile walikuja, Pongwe, Chumbageni,
safu mpaka langoni, kila mtu na buba yake.
Donda lilikauka kwa juma moja.
Wengi hawakurudi kwa sindano ya pili,
nami sikuwa na neno la kuwarudisha,
kwa kuwa buba, nani asiyejua, ikikauka imekwisha.
Mwanakombo alizaa mwaka uliofuata.
Sikuthubutu kwenda kumtazama mtoto.
Deni hilo ni langu. Silifuti.

Usiku mmoja, vyupa vimeoshwa, tumebaki wawili,
nikapandisha kanzu, nikamwonyesha.
Hakuuliza na nani.
Alilitazama donda, akanitazama usoni,
na kati yetu hapakuwa na mkalimani.
Akavunja shingo ya kichupa.

"Buba," alisema, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza.
"Jumanne urudi.
Hata ikikauka."