Kazi ya Nyumbani

Shule ya parokia yetu ina wanafunzi kumi na mmoja.
Zamani lilikuwa duka la ushirika:
alama za rafu zingali ukutani,
na jua la Machi likiipasha sakafu
darasa la tatu hunuka mafuta ya taa.

Sikutaka Tekla asome pale.
Nilimwambia mke wangu: hesabu ni hesabu,
saba mara nane haibatizwi.
Hakunijibu. Alimfunga mtoto kamba za viatu,
akampeleka.

Huku Latgale theluji haiondoki kwa kuombwa.
Hukaa hadi Aprili, imesinyaa, nyeusi pembeni,
kama mgeni aliyekwisha kula na haoni haya.
Nami kanisani nilikaa vivyo hivyo,
Krismasi na Pasaka,
benchi la mwisho, kofia gotini,
jicho mlangoni.

Na si kwamba sikufundishwa.
Enzi zile kumtaja Mungu mbele ya watoto lilikuwa kosa,
Genovefa alitufundisha jikoni kwake, watoto saba,
kila mmoja na kisu, kila mmoja na kiazi.
Mlango ukibishwa,
katekisimu huzama chunguni chini ya maganda,
nasi tunamenya, tunamenya,
midomo imefumbwa, amri ya nne ingali kooni.

Sijui ni lini vilinitoka.
Imani haikuvunjika kwa kishindo. Ilivuja.
Siku nilipoinyanyua ndoo
ndipo mkono uliposhangaa wepesi.

Sasa, Alhamisi moja, Tekla akaleta daftari.
Mwandiko wa Sista Albina, wa kulala upande:
*Muulize baba sala aliyofundishwa utotoni.
Msikilize mpaka mwisho. Andika unachosikia.*
Akaketi mbele yangu, penseli tayari,
mkali kama karani wa mahakama.

Nikaanza.
Maneno yakaja yenyewe, kwa lugha ya Genovefa,
yamefuatana kama ng'ombe wanaolijua zizi.
Mbingu ikapita. Mkate ukapita.
Tukafika penye kusamehe,
ulimi ukanata.

Maana dirishani, ng'ambo ya theluji,
taa ya Izidors ilikuwa inawaka.
Ndugu yangu, tumbo moja. Miaka tisa.
Kisa ni ukanda wa ardhi, upana wake mita tatu,
hauoti kitu ila viwavi.
Mama tulimzika tukiwa pande mbili za kaburi,
na Padri Donats katikati
akinyunyizia maji huku na huku, kwa haki.

"Umesahau?" Tekla akauliza.
"Sijasahau."
"Basi malizia. Sista amesema mpaka mwisho."

Nikamalizia. Kwa sauti ndogo,
kama mtu anayetia sahihi deni la mwenziwe
kumbe ni lake.

Kesho yake nilichukua koleo
nikaanza kuchimba njia kwenye theluji, kutoka kwangu.
Sikujua nakwenda wapi; mikono ilijua.
Saa nzima. Kisha nikasikia chuma kingine
kikikwaruza kutoka kule.
Hatukukumbatiana; sisi si watu wa hayo.
Alinitazama, akalitazama koleo langu.
"Mpini wako umeoza," akasema.
"Mzuri nilikuazima wewe," nikamjibu.
Akacheka, mvuke ukamtoka puani kama farasi.

Barua ya jimbo imebandikwa mlangoni:
wanafunzi kumi na mmoja hawatoshi.
Labda hawatoshi. Mimi sijui kuhesabu roho.
Ninachojua, saa kumi na mbili asubuhi
Izidors analeta kuni, mimi nawasha jiko la darasa,
na mabenchi ya mbele kanisani
yameanza kung'aa kwa makalio ya watu.

Tekla alipata nane juu ya kumi.
Pale katikati ya sala, kwa herufi za duara,
alikuwa ameandika:
*Hapa baba alinyamaza sana.
Nilimngoja.*
Na Sista, kwa wino mwekundu, pembeni:
*Vema.*