Baki

Kitabu cha wizara kinauliza:
mkulima ana matofaa tisa, amekula manne, yamebaki mangapi?
Watoto wangu hujibu bila kuinua macho,
kama mtu anayeitikia salamu ya jirani asiyempenda.
Matano. Ukurasa unaofuata.

Januari hii, huku Svaneti,
theluji ikiwa imepanda hadi kingo za dirisha,
nilikifunga kitabu nikafungua ghala.
Nikawauliza wote sita, mkubwa wao ana miaka minane:
"Kuni hizi zitatufikisha lini?"

Jokia akataka kujua jibu liko ukurasa gani.
"Silijui," nikasema. Na kweli sikulijua.
Walinitazama kama wanaotazama paa linalovuja.

Bimurza akaanza kuzigusa, ukuni mmoja mmoja,
kwa glavu iliyotoboka kidole.
Alipofika mia na kumi na kitu
Lile akapiga chafya, hesabu ikamwagika.
Akaanza upya. Hakulia.
Jokia hakugusa kitu: alihesabu safu moja, akahesabu safu zote,
akasema, "Ishirini mara kumi na mbili,"
kisha akaketi kwenye ndoo kumngojea mwenzake
afike mia mbili na arobaini kwa njia ya miguu.

Kwa siku tunachoma sita, akasema Tamro.
Basi siku arobaini za shule. Wiki nane, na theluji itakuwa imeyeyuka!
Wakashangilia. Nami, Mungu anisamehe,
nilikuwa nimeshashika chaki.
Nestani, ambaye husema mara mbili kwa wiki, akasema:
"Jumatatu je?"

Jumatatu jiko limelala siku mbili.
Kuta za mawe zimekunywa baridi tangu Ijumaa.
Jumatatu ni kuni tisa, ndipo vidole vikubali penseli.
Tukafuta. Tisa, na sita mara nne:
thelathini na tatu kwa wiki.
Wiki saba, baki tisa.
"Baki ni Jumatatu moja," akasema Nestani.
Miaka kumi na tisa nafundisha kugawanya,
sijawahi kusikia baki likipewa jina.

Wiki ya nane, basi, ina pengo: Jumanne hadi Ijumaa,
kuni ishirini na nne.
Darasa likawa soko.
Tuvae makoti mawili mawili.
Tuhamie kwa bibi yake Lile, ana jiko kubwa na mkate wa jibini.
Turuke kwanza, damu ichemke, ndipo tuandike.
Niliyaandika yote ubaoni, hata lile la kukichoma kitabu cha wizara.
Bimurza akasema: "Kila mtu alete nne kutoka kwao.
Sita kwa nne. Imetimia."

Imetimia. Ila Gegi alikuwa anakwaruza meza.
"Mwezi wa pili sitakuwepo.
Baba amepata kazi Kutaisi."

Ishirini na nne kwa watano.
Walizipanga sakafuni mafungu matano,
wakazivuruga, wakazipanga tena,
kana kwamba mara ya pili zingeona huruma.
Nne, nne, nne, nne, nne,
na nne katikati, hazina mwenyewe.
Tamro alitaka kuzipasua vipande.
Lile alitaka baba yake Gegi akatazwe.

Siku ya kuondoka, gari likinguruma nje,
Gegi aliingia amekumbatia kuni nne,
kila moja ina jina lake kwa mkaa,
herufi moja imegeuka ikitazama nyuma.
Akaziweka. Akapangusa mikono kwenye suruali.
"Ishirini na nne," akasema, akatoka.

Machi, Ijumaa ya wiki ya nane,
zilikuwa zimesalia sita: mbili za Lile, nne zile.
Tukachoma mbili.
Hakuna aliyeagiza.
Tulikaa na makoti yetu, pumzi zikionekana,
na Nestani akaandika daftarini kwake:
baki, nne.