Mstari wa Ishirini na Moja

Kikokotoo cha Baba kilikuwa na matundu manne kichwani,
na katika la tatu ilikaa moduli nyeusi
ndogo kuliko kibiriti.
Kwayo alipima meli za Kilindini:
tani za saruji, kina cha maji,
chombo kitalalia upande gani.
Usiku alijikanda kifundo cha kushoto kwa mafuta ya nazi,
akizilaumu ngazi za meli.

Alipokufa nilikipeleka Makadara kwa Fundi Ghalib.
Akapuliza vumbi, akatia betri, akacheka.
"Bin Shee alikuwa mjanja. Humu mna benki mbili."

Akanieleza, bisibisi i menoni:
nafasi ni haba, anwani ni chache,
basi nyumba mbili hupewa namba moja.
Ukiwa ndani ya hii, ile haipo.
Amri moja hukuhamisha
na mashine haina habari kuwa imehama;
hunyanyua mguu mstari wa ishirini huku,
huukanyagia wa ishirini na moja kule.
Ikiwa kule hapana sakafu,
ndiyo imekwenda.

"Kwa hivyo kuna adabu zake.
Mlango ukae mstari ule ule, benki zote.
Na kabla hujazima, rudi ya kwanza,
maana kesho ikiwaka itaamkia hapo,
itataka kukuta mambo yake."

Nikalipa mia mbili. Sikumwambia kitu.

Mama angali edani, nilivuka kwenda Mtongwe
kwa Bi Mejumaa, naye pia edani,
mwanamke tuliyemjua kwa simu ya msiba.
Nyumba sijaiona maishani. Nikaijua.
Taulo, msumari wa tatu.
Redio juu ya kabati, uso dirishani.
Kiti nyuma ya mlango kama kwetu Kuze,
hata ule mguu mfupi umetiwa kipande cha boksi.
Kopo la sukari kushoto kwa chumvi,
lile ambalo Mama akilisogeza
Baba hulirudisha bila neno,
na Mama husonya.

"Nawe ulikatazwa kuhamisha sukari?"

Akakaa kimya, akimenya kitunguu.
"Nilihamisha mara moja tu, mwaka wa tisini na moja.
Alisimama pale jikoni, mkono hewani,
kama mtu aliyesahau jina lake.
Nikairudisha mbio."

Adabu ya kwanza aliitimiza.
Ya pili ilimshinda:
alizimikia kule, Jumanne, saa nane mchana,
na kwetu sahani yake imefunikwa kawa,
samaki anapoa.

Niliaga. Sikuwa na hasira niliyoibeba kuja nayo,
au niliiacha mahali, sijui ni nyumba ipi.
Nikashuka barazani bila kutazama chini.
Kwetu ngazi ni tatu.
Pale ni mbili.
Mguu wangu wa kushoto ukaitafuta ya tatu,
ukapiga ardhi ghafla, kifundo kikalia.

Miaka kumi na tisa, Baba.
Kila ukitoka.